Yowe la Sokoni
Sehemu ya Tisa

Kisu kiko pale pale tulipokiacha, ndugu msomaji: shingoni mwa Mzee Ahmad, muuza mitumba wa soko la Tukuyu. Mpini wake umeshikwa na msichana wa miaka kumi na sita.

Kama wiki iliyopita gazeti hili halikukufikia, mambo yenyewe ni haya. Esnath wa Kisondela alikwenda kibandani kwa Mzee Ahmad kutafuta sweta la shule. Mzee alipogeuka kutafuta saizi yake, macho ya msichana yakaangukia mfuko uliosukumwa chini ya meza. Ndani ya mfuko mlikuwa na koti la kijivu lenye damu iliyokauka. Na katika mfuko wa ndani wa koti hilo alikuta ukambaa wa mgomba uliokatwa sawasawa na urefu wa mguu wake.

Ukambaa ule aliupima baba yake, Ambindwile, asubuhi ya siku aliyokufa. Alimwambia, "Weka mguu hapa chini, nikakutafutie viatu." Saa mbili baadaye Ambindwile alipigwa mawe na watu, sokoni, kwa jina la mwizi.

Ndipo Esnath alipokinyakua kisu cha kukatia kamba za robota.

"Ulimuua wewe!" alisema. Sauti haikuwa yake.

"Binti, weka kisu chini."

"Koti la baba limefikaje hapa?"

"Weka kisu chini, nitakwambia."

"Sema sasa!"

Mzee Ahmad alijaribu kuushika mkono wa Esnath. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa kwa zaidi ya mwezi, na aliwaambia watu wote kwamba alianguka kutoka juu ya lori. Kwa hiyo alinyanyua wa kulia. Esnath akashtuka, akavuta.

Kisu kilipita chini ya sikio mpaka begani.

Damu iliruka juu ya lundo la mashati meupe. Mzee hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akaziba jeraha kwa kiganja na kumtazama Esnath bila hasira.

Mama mmoja aliyekuwa akichagua sketi ndiye aliyepiga kelele.

"Jamani! Nguo za marehemu! Mzee Ahmad ana nguo za marehemu Ambindwile!"

"Koti la nani?"

"La yule mzee wa Kisondela! Lina damu yake!"

"Kumbe ndiye muuaji!"

"Mwizi huyo! Mwizi!"

Neno hilo likisemwa sokoni, halirudi mdomoni. Wauza viazi waliacha viazi. Vijana wa kupakia ndizi waliruka kutoka kwenye malori. Ukungu ulikuwa umeshuka, na katika ukungu ule ilionekana miguu ya watu tu na kusikika makelele yao.

Jiwe la kwanza lilimpata Mzee Ahmad kwenye goti. La pili likavunja kioo cha kujitazamia wateja. Mtu akamshika ukosi wa kanzu, akamburuta nje, na kibanda kikaanguka nyuma yao pamoja na nguzo zake na sweta zote za wanafunzi.

"Leteni tairi!"

"Petroli iko wapi?"

Esnath alisimama na kisu mkononi. Je, alihuzunika? Tusidanganyane, msomaji. Moyo wake uliruka kwa furaha. Kwa siku arobaini na sita alikuwa halali, hali, darasani anatazama ubao bila kuona herufi. Alikuwa akiomba kitu kimoja tu, aonyeshwe uso wa mtu aliyefanya vile. Sasa uso ulikuwa matopeni na watu wanaukanyaga.

Mtu mwenye gumboti alimpiga mzee teke la mbavu, kitu kikalia kama kijiti kikavu. Mwingine akamponda vidole.

Kisha watu wakapisha njia. Nsajigwa alikuwa amefika.

Huyu ndiye kaka yake Esnath, kijana wa miaka ishirini na moja, mpakiaji wa ndizi, mwenye mabega mapana. Tangu mazishi alikuwa mtu mwingine. Hakulia kaburini. Aliapa mbele ya wajomba kwamba atawatafuta waliomuua baba yake mmoja mmoja, na wazee walimsifu kwa hilo. Leo alikuwa na mpini wa jembe.

"Kaka, ni huyu!" Esnath alipaza sauti. "Koti la baba lilikuwa kwake!"

Nsajigwa alilitazama koti. Rangi ikamtoka usoni. Hakuuliza swali hata moja. Aliunyanyua mpini, akaushusha kwenye mgongo wa Mzee Ahmad kwa nguvu zake zote.

"Msikilizeni kwanza," alisema mzee mmoja wa kanisani.

"Hakuna cha kusikiliza!" Nsajigwa alifoka. "Asiseme neno! Asifungue mdomo!"

Akapiga tena. Na tena.

Mzee Ahmad alikuwa ameangalia juu, kwa Nsajigwa. Angeweza kusema kitu. Midomo yake ilicheza. Halafu akageuza kichwa, akamtafuta Esnath katikati ya miguu ya watu, na alipompata akasema kwa sauti ya chini, damu ikimtoka puani:

"Binti yangu, geuka. Usiangalie."

Maneno hayo yalimwingia Esnath mahali ambapo hakuna kitu kilichokuwa kimeingia tangu msiba. Mtu anayeuawa hana muda wa kumhurumia anayemwangalia. Muuaji je? Muuaji wa baba yake angejali macho yake?

Kisu kikamtoka mkononi.

Aliruka. Hakujua alipita vipi kati ya wanaume wale. Alijitupa juu ya Mzee Ahmad kifudifudi, na mpini uliokuwa umeshaanza kushuka ukamkuta yeye, kwenye bega. Maumivu yalimulika kama radi. Jiwe likampata kisogoni.

"Toka hapo!" Nsajigwa alipiga kelele. "Esnath, toka!"

"Sitoki!"

"Nitakupiga nawe!"

"Nipige! Ndiyo, nipige mimi! Mimi ndiye niliyemuua baba!"

Watu wakasita. Mtu aliyebeba tairi akalishusha chini.

Esnath aliinua kichwa. Damu ya kisogo ilikuwa ikimtiririkia shingoni, na maneno aliyoyafungia tumboni siku zote zile yakatoka bila mpangilio.

"Yowe la siku ile lilikuwa langu! Nilikuwa nauza maparachichi pale penye bomba. Baba aliniachia redio yake, alikuwa ameitoa kwa fundi, akaenda kunitafutia viatu. Mtu akaipora redio. Nikaita mwizi! Baba akasikia ni mimi. Akamkimbiza yule mtu, akamnyang'anya redio. Mlimkuta anakimbia na redio mkononi, ananirudishia. Mkamuua! Hamkuuliza! Mlimkuta tu anakimbia!"

Esnath alijifuta damu shingoni.

"Nyumbani nilisema nilikuwa mashineni kusaga. Nilidanganya. Mwacheni mzee huyu. Kama mnataka wa kumchoma, mimi hapa."

Mama aliyekuwa akichagua sketi alianza kulia. Mwanamume mwenye gumboti alirudi nyuma hatua moja, halafu mbili, halafu akawa hayupo. Wengine nao wakaondoka hivyo hivyo, kimyakimya, kila mmoja akijifanya ana mzigo wake wa kuutazama. Katika umati ule walikuwamo wengi waliorusha mawe siku ile ya kwanza, na sasa walikuwa wameambiwa walichokifanya.

Nsajigwa alibaki na mpini hewani.

"Umesema ni wewe uliyeita?" aliuliza. Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo.

"Ni mimi, kaka. Nisamehe."

Aliutupa mpini kana kwamba umemuunguza. Akageuka, akatembea kuelekea barabara ya Mbeya, halafu akaanza kukimbia, ukungu ukamla.

Esnath aliamini kaka yake amekimbia kwa kumchukia yeye. Hilo likamuuma kuliko bega.

*

Dereva mmoja wa pikapu ya matikiti alikubali kumbeba majeruhi mpaka hospitali. Mzee Ahmad alilazwa katika chumba kidogo cha mwisho, peke yake, kwa sababu askari walitaka maelezo yake. Shingo ilishonwa nyuzi kumi na nne. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Esnath alishonwa kisogo bila kusema "aa", bega likafungwa.

Saa tisa mchana mama yake aliingia barazani. Felista alikuwa ametembea kutoka Kisondela kwa miguu, magoti yamejaa udongo mwekundu, maana aliteleza njiani mara nyingi. Habari zote za sokoni zilikuwa zimemfikia njiani.

"Esinati," aliita, kama wazee wa kwao wanavyolitamka jina hilo. "Simama."

Esnath akasimama.

Kofi lilitua shavuni kwa kishindo, wagonjwa wa barazani wakageuka wote. La pili likafuata upande wa pili.

"Hilo ni la uongo wa mashineni," mama alisema, anahema. "Siku arobaini na sita nakuuliza una nini, unaniambia kichwa. Nakupikia, unawapa kuku. Nilidhani nitazika wawili!"

"Mama, nilimuua baba."

"Nyamaza!"

"Kama nisingeita..."

"Nyamaza nikwambie!" Felista alimshika uso kwa mikono miwili, akaubana kwa nguvu, karibu kumuumiza. "Wewe uliibiwa, ukaita. Mtu akiibiwa huita. Baba yako alisikia mwanawe anaita, akakimbia. Ulitaka akae anakunywa chai? Ningeolewa na mwanamume wa namna hiyo? Aliyemuua ni aliyeokota jiwe. Wewe hukuokota jiwe. Umesikia?"

Kitu kilichokuwa kimeganda kifuani mwa Esnath kilivunjika, na alilia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia vibaya, kwa makamasi na kwikwi, mdomo wazi, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama nyuzi zimefumuka. Mama alimkumbatia palepale sakafuni. Naye alilia. Walichelewa, lakini walilia pamoja.

Walipotulia, mama alijifuta kwa ncha ya khanga.

"Ingia ukamwombe msamaha mzee wa watu. Mimi nakwenda kumtafuta kaka yako. Wameniambia alionekana karibu na kituo cha polisi, anazungukazunguka pale nje kama mtu aliyepotea."

*

Mzee Ahmad alikuwa macho. Uso wake ulikuwa umevimba, jicho moja limezibika kabisa.

"Mzee, nisamehe," Esnath alisema mlangoni.

"Njoo ukae. Si ulinifunika?" Alijaribu kutabasamu, mdomo uliopasuka ukamkatalia. "Mimi nilimfunika baba yako, lakini nilichelewa. Mkono huu haukuvunjwa na lori."

Esnath alikaa kwenye kiti cha chuma.

"Koti alilinunua kwangu asubuhi ileile," mzee aliendelea. "Alilivaa palepale, akaniambia nyumbani hawajaliona, watamwita bwana shamba. Mvua ikaanza. Dakika chache baadaye nasikia yowe, natoka, nakuta watu wamemvutia koti kichwani, wanampiga. Uso hauonekani. Mimi nililijua koti, siyo mtu. Nikasema huyu ni mteja wangu, mwacheni! Nikalala juu yake. Wakanipiga mkono. Walipochoka nikalifunua lile koti."

"Alikuwa hai?"

Mzee Ahmad alitazama dirishani.

"Alikuwa anapumua. Aliuliza kama umeipata redio."

Esnath aliuma ngumi yake.

"Kwa nini hukusema? Kwa nini ulilificha koti? Ungetuletea, mzee!"

"Ningewaletea, mama yako angeniuliza nani walikuwapo. Mimi sijui kumdanganya mjane. Polisi nao wangeniuliza. Nikaona bora nikae kimya mpaka Mungu anionyeshe njia."

"Uliwaona, basi."

"Niliwaona wengi."

"Ni nani?"

"Usiniulize hilo, binti."

"Ni nani, mzee? Nina haki!"

"Unayo. Ndiyo maana naogopa." Mzee alifumba jicho lake zima. "Nikwambie kitu kimoja, kisha uniache. Nilipolifunua koti, palikuwa na kijana amesimama juu yetu na jiwe kubwa, la mikono miwili. Ametoka tu kupiga, anataka kupiga tena. Akauona uso. Jiwe likamponyoka, likaangukia mguu wake mwenyewe. Akasema neno moja la Kinyakyusa, halafu akakimbia, anachechemea."

"Neno gani?"

"Alisema, 'Tata.'"

Nje muuguzi alikuwa anasukuma kitoroli, magurudumu yanalia.

Tata. Baba. Walikuwapo watu wawili tu duniani waliomwita Ambindwile hivyo. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti hiki cha chuma. Na mwingine, wiki ya mazishi, alikuwa na mguu uliovimba, akasema mkungu wa ndizi ulimwangukia.

Asiseme neno. Asifungue mdomo.

Esnath alisikia mlango ukifungwa nyuma yake, kisha komeo likisukumwa.

Nsajigwa alikuwa ndani. Nguo zilimgandia mwilini kwa mvua.

"Umemwambia," alisema.

"Sikutaja jina," Mzee Ahmad alijibu. "Wallahi sikulitaja. Na sitalitaja."

"Lakini amejua! Tazama anavyonitazama!"

Aliruka mpaka kitandani. Mikono ile ya kubebea mikungu ikaishika shingo ya mgonjwa, juu ya nyuzi mbichi, ikabana. Bandeji ikalowa nyekundu. Miguu ya mzee ikapigapiga shuka.

"Kaka, mwache!"

Nsajigwa hakusikia. Alikuwa akilia huku anabana, machozi yakimdondokea mtu anayemuua. Esnath alimvuta nywele, akamng'ata sikio mpaka akaonja chumvi ya damu. Alirushwa ukutani kama gunzi. Bega lililofungwa likalia. Akaona stendi ya chuma ya kutundikia dripu, akainyakua kwa mkono mzima, akaizungusha.

Ilimpata kwenye utosi. Chupa ikapasuka, maji na vigae vikatapakaa.

Nsajigwa aliachia. Alienda nyuma hatua mbili, akajigonga ukutani, akateleza mpaka chini na kukaa, damu ikimshuka katikati ya macho. Kitandani Mzee Ahmad alivuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, halafu nyingine.

Esnath alibaki na stendi mkononi, tayari kupiga tena. Alikuwa anamtazama mtu aliyemfundisha kuogelea mto Kiwira, aliyembeba mgongoni alipougua surua.

"Tulisikia yowe, wote tukakimbia," Nsajigwa alisema, macho sakafuni. "Sikuwa nimelijua lile koti. Ni leo tu nimejua ni wewe uliyeita. Baba aliitambua sauti yako katika kelele zote zile, Esnath. Mimi sikuitambua."

"Mlimpiga mawe mangapi?"

"Sikuhesabu."

"La kwako lilikuwa la ngapi?"

Nsajigwa alijifuta damu machoni.

"La mwisho," alisema.

Mlango ukagongwa. Mara moja tu, taratibu, kwa kiganja.

"Nsajigwa," ilisema sauti ya mama yao. Haikuwa na hasira. Haikuwa na kitu chochote. "Fungua, mwanangu. Nimekuja na askari, alitaka kuandika maelezo ya mzee. Tumesimama hapa tangu chupa ilipovunjika. Tumesikia, sote wawili."

Nsajigwa akatazama dirisha. Halikuwa na nondo, na nje ya ua wa hospitali migomba ilianza, na baada ya migomba milima, na baada ya milima mpaka wa Malawi. Akajiinua kwa kiwiko. Akamtazama dada yake.

"Nipe dakika moja tu," alinong'ona. "Usifungue. Dakika moja."

Esnath ndiye aliyekuwa karibu na komeo.